Nyundo Isiyovikwa Ua

Mahali ninapofanya kazi, atelie, yaani karakana, ya useremala mtaa wa Asiatique, nyuma ya duka la rangi, kuna siku moja kwa mwaka ambayo haruhusiwi mtu kupiga msumari. Ni katikati ya Septemba, wakati vumbi la kiangazi bado linangoja mvua ya kwanza. Patron wetu, mwenye atelie, ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Bujumbura, na siku hiyo anamwadhimisha Vishwakarma, mungu wa mafundi na wajenzi. Jioni ya kuamkia sikukuu tunasugua kila kitu: misumeno, randa, patasi, mashine kubwa ya kupasulia mbao. Asubuhi vyombo vinapangwa mezani chini ya picha, kila kimoja kinatiwa doa jekundu na kuvikwa ua la njano. Ubani unawashwa, nazi inavunjwa, halafu vyombo vinalala mpaka kesho yake na hakuna kuvigusa. Sisi tunakula wali na dengu na vitamu vya unga na sukari, tunarudi nyumbani tumeshiba.

Kwenye picha mungu huyo ni mzee wa ndevu nyeupe mwenye mikono minne. Mikono minne! Mwaka wangu wa kwanza nilimnong'oneza fundi mwenzangu kwamba mzee huyo angetufaa sana Jumamosi, siku wateja wote wanapotaka vitanda vyao. Alicheka mpaka patron akageuka kututazama.

Mimi ni mwanamke seremala, na kichwa changu ni kigumu, wanaonijua hawabishi. Vyombo vyangu ni vya marehemu baba, aliyevitumia Uvira, kule Kongo, kabla hatujavuka mpaka kuja huku: nyundo, msumeno, randa na patasi. Simwazimi mtu. Kanisani kwetu Carama tumefundishwa kutoinamia picha, kwa hiyo tangu mwanzo nilimwambia patron wazi kwamba vyombo vya baba haviendi mezani. Kila mwaka jioni ile navitia katika mfuko wa baba na kurudi navyo nyumbani. Mara ya kwanza nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye alisema tu, "Haya, mama," na kesho yake akaniwekea vitamu kwenye karatasi kama wengine. Kwa kweli ilinikera kidogo, maana maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga.

Mbao zetu nyingi zilikuwa zinaletwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyekaa Gasenyi. Alizinunua Kongo, akazivusha, akazifikisha langoni kwetu huku akigombana na madereva kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, yote katika pumzi moja. Siku moja alichagua mbao zake nzuri kuliko zote, za libuyu, mti wa thamani wa Kongo, zisizo na kifundo hata kimoja, akakataa kuziuza. Alimwambia patron azipandishe juu kabisa, pasipofikiwa na mtu.

"Hii ndio nyumba yangu," alisema. "Siku Mungu ataniita, we mwenyewe ndio utanijengea. Mi sitaki sanduku ya kununua. Kiisha batoto wanipeleke Uvira, nilale karibu na bwana yangu."

Tulidhani anatania. Patron hakucheka. Alimpa mkono, akasema atajenga. Tangu hapo, kila tulipopanga upya mbao, zile za mama alizifuta vumbi yeye mwenyewe.

Mwaka mmoja siku ya Vishwakarma ilianza kama nyingine. Nazi ilikuwa imeshavunjwa na sahani zinapangwa, mara mtoto wa yule mama, mtu mzima mwenye mke na wanawe, akasimama langoni. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana.

"Patron, mama alituacha jana mangaribi," alisema. "Tumepata gari yenye kuwa na essence, leo tu. Kesho haiko tena. Tunapashwa kuvuka mbele mupaka haiyafungwa. Nimekuya juu ya mbao yake."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Siku hizi mjini kwetu ukipata gari lenye mafuta hulingojeshi, na mpaka nao hufungwa jioni. Patron aliziangalia mbao kule juu, akaiangalia meza, kila msumeno na kila randa na doa lake jekundu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Leo chombo yote iko nalala," alisema kwa sauti ndogo.

"Patron, tutoe ua moja tu, kiisha tutairudisha," fundi mwenzangu akasema. "Nani atajua?"

"Mi nitajua."

Yule mwana alijifuta uso. "Kama haiwezekane, nitanunua ya tayari. Lakini mama atanisamehe?"

Nilikasirika. Nilimtazama yule mzee wa pichani, nikajiuliza kama katika mikono yote ile hata mmoja haupatikani leo. Mwana nilimwonea huruma, lakini aliyeniuma zaidi alikuwa patron, amekaa kati ya ahadi na ibada, na hakuna hata moja aliyokuwa anaifanyia mchezo. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Mama, chombo yako iko wapi?"

"Nyumbani. Carama."

"Haikupata ua?"

"Apana, patron. Unajua vizuri."

Akasimama. Alisema atelie yake leo haipigi nyundo, lakini Gasenyi si atelie yake. Tulizishusha mbao kwa mikono, maana mikono haikukatazwa, akachukua misumari dukani, akapanda nyuma ya gari la yule mwana pamoja nasi, doa jekundu la ibada likiwa bado kwenye paji la uso wake. Njia nzima ya Kinama watu walitukodolea macho. Dereva yeye hakuondoa macho kwenye mshale wa mafuta. Tulipita kwangu, nikachukua mfuko wa baba.

Tulipofika Gasenyi ndipo tulipogundua kwamba hatuna mita. Mita yetu ilikuwa imelala mezani na ua lake. Shangazi mmoja alichana ukanda wa kitenge cha marehemu, nikaingia ndani walikokuwa wanawake wanaimba, nikampima kichwa mpaka nyayo na kufunga fundo. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka. 

Nilikata uani, patron amechuchumaa akizishika mbao kwa mikono na magoti. Alijua pa kushika kabla sijasema.

"Baba yangu alikuwa fundi," alisema bila kuinua macho.

Miaka yote hiyo nilimdhania mtu wa funguo na bei tu. Nilipitisha randa, harufu ya libuyu ikajaa uani, na tulifanya kazi tukisikiliza nyimbo za ndani. Kazi ilienda vizuri. Mbao za mama zilikuwa hazijapinda hata kidogo.

Ulipobaki msumari wa mwisho, upande wa kichwani, yule mwana alisogea.

"Patron, mama alisema ni we."

Patron aliiangalia nyundo mkononi mwangu. Alinyoosha mkono, lakini hakuichukua.

"Utaniazima?"

Mpini wa nyundo ile umelika mahali pa kidole gumba cha baba. Hata mume wangu hajawahi kupigia nayo msumari. Nikampa. Alipiga taratibu, msumari ukaingia wima. Akaifuta nyundo kwa pindo la shati lake, akanirudishia kwa mikono miwili. Gari liliondoka jua likiwa bado juu, na usiku tukasikia wamevuka.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshaamua. Sikumwambia mume wangu wala mtu wa kanisani. Jioni ya kusugua vyombo nilivisugua vya baba pamoja na vingine, nikaiweka nyundo mezani, mwishoni kabisa, karibu na patasi za wenzangu. Si kwa ajili ya yule mzee wa mikono minne. Ilikuwa kwa ajili ya patron.

Alikuja kukagua meza kama kawaida yake. Alipofika mwisho akasimama. Akaichukua nyundo, akautafuta mfuko wangu chini ya benchi, akaitia ndani.

"Apana, mama," alisema. "Hii peleka nyumbani. Lazima moja ibaki macho."

Nikaubeba mfuko wangu mpaka Carama. Kesho yake nilikula vitamu vyote alivyoniwekea, hata vya fundi mwenzangu.