Magunia ya Mlango wa Jikoni

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula shelisheli mpaka wajukuu wakaniuliza kama wali umeharamishwa. Mvua kubwa ilikuwa imekata barabara, unga wala mchele haufiki Ukunda, na mihogo imeoza ardhini. Shelisheli ya kuchemsha asubuhi, ya nazi mchana, ya kukaanga usiku. Hatukufa. Mimi hata nilinenepa.

Nilikaa Mwabungo, na kazi yangu ilikuwa taka za hoteli. Sikuona haya. Shule niliiacha darasa la pili, lakini mjukuu wangu wa kike alikuwa kidato cha kwanza, wa kwanza katika ukoo wetu, na karo yake ilitoka kwenye chupa tupu. Akirudi likizo na sare yake, nilitembea nyuma kidogo ili watu wamwone vizuri.

Nilitafuta mnunuzi kwanza, ndipo nikaenda kwenye taka. Kina mama wa Msambweni waliokamua mafuta ya nazi walitaka chupa nzima. Za pombe nilizisugua kwa majivu na maji moto mara tatu, maana wale ni watu wa swala. Fundi bati alitaka makopo ayageuze koroboi. Mbuzi wangu walitaka maganda ya matunda. Kitu kisicho na mnunuzi sikukibeba, hata kingemetameta vipi. Na yote yalianzia mlango wa jikoni: mwosha vyombo mmoja, mwanamke wa bara, aliweka magunia matatu pale, akatenga kila kitu kabla hakijaguswa na mchuzi.

"Shosho," alinitania, neno la kwao la bibi, "leo wazungu wamekunywa karo ya muhula mzima."

"Waambie waongeze. Ana mdogo wake."

Mvua zilipokwisha akaja bwana wa usafi, mtu wa serikali, kijana wa viatu vya kung'aa. Akaweka mapipa matatu nje ya hoteli, kila moja na rangi yake, akakataza magunia. Sikumpinga. Mapipa yalikuwa mazuri kuliko magunia yangu, na mwosha vyombo aliyajaza bila kukosea hata ganda moja.

Siku ya kuzoa likaja trekta. Trekta moja, tela moja. Wakamimina pipa la chupa, juu yake la maganda, juu yake la makopo, wakaondoka kwenda kwenye shimo la taka. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki ile na zile chupa ndizo zilizokuwa karo. Nikalifuata trekta kwa miguu. Nilipofika, vioo vilikuwa vimevunjika ndani ya maharagwe na machicha ya kahawa, nzi wameshakaribishana.

Bwana wa usafi alikuwa pale, uso umemkunjuka.

"Shikamoo, bibi. Sasa wewe na wanawake wenzako mtachambua hapa. Glavu tutawapa."

"Marahaba. Mwanangu, umeona walivyomimina?"

"Tela ni moja tu, bibi. Ndiyo maana tunawahitaji."

"Na mapipa matatu ya nini?"

"Ya kuwazoesha watu kutenganisha."

Nikamwambia, "Taka iliyokwisha kuchambuliwa sichambui tena."

Nikauza mbuzi mmoja, mtoto akaenda shule. Kisha nikaenda kwa mkubwa wa hoteli na kanga yangu nzuri, mwosha vyombo pembeni yangu. Nikamwambia: trekta unalilipa likuchafulie, mimi nakuondolea bure. Wageni walikuwa wamepungua siku zile, kila senti inamwuma. Alielewa kabla sijamaliza. Magunia yakarudi mlangoni.

Likizo iliyofuata, mjukuu wangu akisoma barazani na mimi nasugua chupa, bwana wa usafi akapiga hodi, glavu mkononi. Shimo linanuka mpaka barabarani, akasema, na wanawake aliowaweka kuchambua wanaacha kazi hata kabla ya siku mbili. Akataka niwe msimamizi wao, kwa mshahara wa mwezi.

Mjukuu wangu akafunga kitabu, akanitazama. Nikapangusa mikono, nikamfungulia mgeni dafu.

"Tela mmeongeza?"

"Bado, bibi. Lakini mshahara ni wa kila mwezi. Fikiria."

"Nimefikiria. Kunywa dafu lako, mwanangu. Taka iliyokwisha kuchambuliwa sichambui tena."