Kamba Aliyoilea Mama

Mama aliuza kuni mpaka mgongo ukagoma. Ndipo akaomba kujifunza kukata miti mikubwa, ile inayoegemea nyumba za watu, ambayo magogo yake hayaangushwi bali hushushwa kwa kamba. Wanaume aliojifunza nao walimbandika jina Mkunga, maana kamba aliipokea kama kichanga: isiguse mchanga, isikanyagwe, isianikwe juani. Mrefu, mwanafunzi mwenzake, kila asubuhi alimuuliza kama mtoto ameshanyonya. Mama alicheka tu. Nilipompelekea chakula nilikuwa namtazama. Sijawahi kumwona ameshika kitu kwa raha vile.

Kamba yenyewe ilikuwa moja. Mwalimu wao alishasema, atakayeiharibu, mafunzo kwake basi.

Siku ya mtihani nami nilikuwapo na chakula. Mrefu alikuwa juu na msumeno, Mama chini, kamba iliyofungwa kwenye gogo ameizungusha kwenye shina. Jua lilikuwa limehama. Mama akaona turubai lililowekewa mikanda ya wapandaji linapigwa na jua, akalivuta kivulini. Kivuli chenyewe cha mti uleule, chini ya gogo linalokatwa. Wengine wote walikuwa wanatazama juu.

Gogo likakatika, zito kuliko walivyodhani. Mama alitakiwa aiachie kamba iteleze kidogokidogo, gogo lipunguze kasi. Lakini aliliona linaliangukia turubai. Akaibana kwa nguvu zake zote.

Gogo likasimama ghafla, likaning'inia. Mti mzima ukatikisika, Mrefu akalikumbatia shina. Harufu ya kamba kuungua ikatufikia.

Mwalimu aliipapasa kamba yote. Mahali pamoja palikuwa pameyeyuka, pagumu, panang'aa kama kovu. Mama akamsihi akiondoe kile kipande tu. Akapiga magoti. Akasema kuni hawezi tena, na nyumbani hakuna mwingine wa kutegemewa.

"Dada yangu," Mwalimu alisema taratibu, "kamba iliyoshtuka hivi imeumia ndani, tusikokuona. Siipitishi tena juu ya kichwa cha mtu. Na Mrefu naye ana mama yake."

Akampa kisu aikate vipande vifupi, asije mtu akaiokota akapandia. Mama aliikata mwenyewe. Mrefu alimshikia ncha, safari hii bila utani.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta uani, anafunga mzigo wa kuni kwa kipande kimoja cha kamba ile. Akaubeba mgongoni, akaushusha. Akapumzika kidogo, akaubeba tena.