Friji la Mama na Fundi wa Gerezani

Jamani, leo nimenunua maji ya baridi kutoka kwenye friji letu wenyewe.

Wiki iliyopita friji la mama liliacha kugandisha. Marehemu baba ndiye aliyelinunua, kwa hiyo mama hakutaka hata kusikia habari ya kulibadilisha. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nikamleta fundi nyumbani Ilala, akachungulia nyuma, akatikisa kichwa.

"Dada, kompresa imekufa. Nunua jipya tu, hili niachie nikalitupe skrepa."

Mama alilifuta vumbi kwanza, ndipo akaruhusu libebwe. Halafu akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sasa leo mchana nakatiza mitaa ya Gerezani, kwenye karakana za mafundi, kiu imenikaba. Nje ya karakana moja kuna mama anauza maji. Anafungua friji, naona mlangoni mwandiko wa mama yangu: "Mkifungua, fungeni."

Nikamuuliza, "Hili umelipata wapi?"

"Kaniuzia fundi wa humu ndani. Ni zima kabisa! Anasema lilikatika waya tu."

Waya!

Fundi mwenyewe akatokeza, mikono imejaa grisi. Mnajua aliniambia nini? Hata aibu hana.

"Dada, mambo? Lile jipya linagandisha vizuri?"

Nilikuwa na matusi ya kutosha Kariakoo nzima. Badala yake nikalipa maji, nikaondoka.

Nimefika nyumbani, mama ananiuliza mbona nimenuna. Nimesema jua kali.

Ungekuwa wewe, ungemwambia?