Nishani ya Baba na Tone la Kijani

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kulisema kwa sauti: je, nibadilishe mpini wa bastola ya baba? Mpini wenyewe ni vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, vilivyong'aa kwa jasho la kiganja chake. Taa ya leza niliyokuwa nikiiwazia ilikuwa ya aina inayokuja na mpini wake wa plastiki. Kuifunga maana yake ni kufungua skrubu, kuzitoa mbao zile na kuzitia kwenye droo. Na asipoipenda taa? Na mbao zikipasuka wakati wa kuzirudisha? Na akiipenda, halafu kila akishika plastiki ile akakumbuka kuwa binti yake ndiye aliyemwambia kuwa amezeeka?

Hivyo ndivyo ninavyofikiri. Tangu nimalize chuo na kuanza kungojea simu za kazi nina nafasi ya kufikiri kutwa, na hata kabla ya hapo sikuwa mtu wa kupungukiwa na mawazo.

Baba alikuwa mlenga shabaha. Hakuwa askari, alifanya kazi ya ofisini wizarani, mtaa wa Al Khuwair, mpaka alipostaafu. Lakini Jumamosi zake zilikuwa za klabu ya ulengaji. Nilipofikia umri wa kuruhusiwa kuingia, akawa ananichukua. Njiani tulinunua chai ya karak, ile nzito ya maziwa, na mkate wa jibini, tukala garini, makombo yakianguka yanapotaka. Klabuni nilikaa nyuma ya kioo kinene na kumtazama mgongo. Naukumbuka mgongo ule kuliko uso wake wa siku zile. Ulikuwa ukitulia kabla ya risasi, kama wa mtu anayesikiliza iwapo mtoto chumbani ameshalala. Baadaye aliniletea karatasi ya shabaha, akaonyesha matundu yalivyokaribiana, na kusema, "Kikombe cha kahawa kinayafunika yote haya."

Kwetu nyumbani, ile shanga ndogo ya chuma iliyo mbele ya mtutu huitwa nishani. Sijui wengine huiitaje. Ndivyo alivyoiita babu, na baba akalichukua neno kama lilivyo. "Nishani iwe wazi, shabaha iwe ukungu," alikuwa akiniambia. Jicho haliwezi kuona sawasawa kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja, na mlengaji huchagua cha karibu. Kwa miaka mingi baba alichagua nishani. Kisha macho yake yakamchagulia. Shabaha, iliyo mbali, ilibaki wazi. Nishani, iliyo mwisho wa mkono wake mwenyewe, ikawa ukungu. Alijaribu miwani moja, akajaribu nyingine. Jumamosi moja akasema ana mafua. Iliyofuata alikaa tu akatazama taarifa ya habari.

Nilidhani ni mapumziko. Kumbe siku moja tunakula wali mchana akasema, kama anayezungumzia matairi ya gari, "Ile bastola nitampa rafiki yangu. Tumeshaulizia taratibu za kibali. Kabla ya Ramadhani iwe imeshatoka hapa."

"Kheri," akasema mama. "Lile sanduku la chuma nitalitia dhahabu zangu."

"Dhahabu zipi?"

"Hizo utakazoninunulia."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nikiutafuna wali usioisha mdomoni. Ikitoka bastola, niliwaza, na Jumamosi zimetoka, na hakuna atakayekaa nazo kwenye meza ya chakula na kuziaga. Nilitamani hata yale makombo ya garini.

Ndipo likanijia wazo la leza. Taa ile haimdai mtu aione nishani. Inadondosha tone la mwanga kwenye shabaha, kule mbali ambako macho ya baba yangali mazima. Nikasoma kila nilichokipata. Nikajua kuwa tone la kijani huonekana vyema kuliko jekundu penye mwanga mkali. Nikajua kuwa taa nyingi hubana chini ya mtutu, kwenye mfereji maalumu, na kwamba bastola za zamani kama ya baba hazina mfereji huo. Ndiyo maana kwa bastola yake ilibidi taa ikae kwenye mpini. Nikarudi palepale kwenye mbao.

Kuitafuta nilianzia kwenye maduka ya Hamriya, kwa sababu ndiko kila mtu anakoanzia akikosa kitu. Muuzaji mmoja alinitolea kalamu za leza, zile za kuonyeshea ubaoni. Nikamweleza kwa Kiarabu kuwa nataka ya kulengea.

"Kumlenga nani, dada yangu?" akauliza, na wenzake wakageuka.

Nilinunua kalamu moja kwa aibu na kuondoka. Nyumbani nikaijaribu kwenye ukuta wa ukumbi, nione tu mkono wangu unavyotikisika. Mama akapita.

"Ondosha hilo jicho la shetani ukutani kwangu! Ndiyo mmesomea hayo?"

Mwishowe nilimpigia mwalimu wa klabu, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya siku ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema taa yoyote ya kufungwa kwenye silaha lazima aikague yeye, na kwamba klabu ina moja ya kijani, ya kubana, kwenye bastola yao mpya. "Mbao za mzee usiziguse kwanza," alisema. "Mlete ajaribu hii. Akiipenda, tutazungumza."

Nilimwambia baba nimejiandikisha darasa la siku moja na sipendi kwenda peke yangu.

"Darasa la nini?"

"La kulenga. Kwa taa."

"Taa ya kuchezea paka?"

Lakini akavaa kofia yake akatoka.

Mwalimu alikuwa ameirekebisha taa kwa mita kumi. Alituonyesha kuwa taa iko chini na risasi hutoka juu yake; njia zao hukutana pale tu ulipozipangia, ukisogeza shabaha mbele au nyuma zinaachana. Baba aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za jamaa anaowajua. Tukavaa vizuia kelele. Akasimama kwenye mstari, akanyoosha mikono, na tone la kijani likatokea katikati ya duara jeusi. Likatulia.

"Loo," akasema. "Nishani imehama."

Akapiga. Nilikuwa nyuma ya kioo, na mgongo ule ulikuwa ule ule. Karatasi ilipoletwa, matundu yalikuwa yamesongamana. Nilitaka kupiga makofi. Baba alitoa magazini ya risasi, akafungua bastola, akahakikisha ni tupu, akaiweka mezani mdomo ukielekea mbele, akarudi nyuma.

"Nzuri," alisema alipotoka kunijia.

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana. Nnaona kila kitu." Akafikiri. "Ila sina la kufanya pale, mwanangu. Mie nilikuwa nikija hapa kuitafuta ile nishani. Hii imeshatafutwa." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la dishdasha, kanzu yake. "Haya, ingia wewe. Si darasa lako?"

Niliingia. Niliwahi kupiga siku za nyuma, mara chache, vibaya. Baba alisimama nyuma yangu akasema "tulia", nami nikadhani nimetulia. Safari hii nilinyoosha mikono na tone likaruka juu ya karatasi, likateremka, likatoka nje kabisa, likarudi. Nikalifuata. Kila lilipopita katikati nilivuta, na kila nilipovuta lilikuwa limeshapita.

"Astaghfirullah!" Baba alikuwa nyuma yangu, mwalimu alikuwa amemruhusu kuingia. "Unaandika barua pale?"

"Linakimbia."

"Wewe ndiye unayelikimbiza. Liache litikisike. Litikisike humo humo ndani ya duara, halina tabu. Wewe kidole chako tu. Pole pole." Nikajaribu. "Sasa umeziba pumzi."

"Umejuaje?"

"Nnakuona! Tone limekaza kama mguu wa meza. Pumua, bibi we."

Ndipo nilipoelewa. Zile mara chache zote alikuwa akiuona mgongo wangu na tundu kwenye karatasi, na kilicho baina yao alikikisia. Sasa mkono wangu ulikuwa umeandikwa ukutani kwa kijani, mbali, pale macho yake yanapofika. Alikuwa akiniona ninavyosita. Aliona wasiwasi wangu kabla sijauhisi mwenyewe. "Hapo, hapo, usifikiri," akasema, "aa, umefikiri." Na mwalimu akacheka, na mimi nikacheka, na ikabidi niishushe bastola mpaka tumalize.

Karatasi yangu ilipokuja, baba aliitazama kwa makini.

"Hapa kikombe hakifai," alisema. "Hapa tulete sinia."

Lakini alikuwa amesogea karibu nami, na mkono wake ulikuwa begani kwangu, na sauti yake ilikuwa ile ya garini, ya siku za karak.

Tulipokaa ndani ya gari hakuwasha mara moja. Moyoni mwangu mambo yote yalikuwa yakisema kwa pamoja: nimshawishi aendelee na bastola yake, tuagize ule mpini, pengine akizoea, pengine mbao zitawekwa vizuri, kwa kitambaa.

"Baba," nikasema, "bastola mpe rafiki yako. Na mbao zake."

"Nani kazungumza habari ya mbao?"

"Hakuna. Mimi nitajifunza kwa ya klabu. Lakini peke yangu siwezi. Nikiwa peke yangu nafikiri."

"Hilo nnalijua."

"Basi uje nami. Si kupiga. Uje uliangalie tone."

Aligusa usukani. "Jumamosi," akaanza, "mie Jumamosi nna..." Alitafuta alicho nacho Jumamosi, na nikamwona hakioni.

Sikungoja akipate. Nilifungua mlango, nikarudi ndani mbiombio, nikamwambia mwalimu aniandikishe kila Jumamosi asubuhi, pamoja na taa ya kijani, na aweke kiti nyuma ya mstari kwa ajili ya mtu wangu.