Pua ya Kemboi na Mvuke wa Embe

Nikianza kucheka katikati ya hii habari, mnivumilie. Hata kanisani iliwahi kunijia wakati wa maombi nikatoka nje nikijifanya nakohoa. Kemboi mwenyewe ameniruhusu niieleze. Alisema eleza tu, bora useme nilikuwa mtanashati.

Haya, alikuwa mtanashati. Kemboi ni mpokeaji wa maziwa pale kwa ushirika wetu, kwenye barabara ya kutoka Saboti kuja Kitale, na mimi Peris ndiye naosha mitungi. Kazi yake ni kunusa. Mkulima anafika asubuhi na pikipiki, mtungi unafunguliwa, Kemboi anainama, anainuka, anasema "mimina" ama "rudisha". Kipimo cha maji kiko, dawa ya kupima iko, lakini foleni ikifika kwa lango nani ana wakati wa dawa? Pua kwanza. Na ile pua, jameni, ilikuwa kitu kingine. Ilijua ng'ombe aliyekula majani ya kabichi. Ilijua mtungi uliolala jikoni karibu na kitunguu. Kuna mzee alirudishiwa maziwa akaambiwa aache kukamua akivuta sigara, akaapa mbele ya watu wote kwamba yeye hajui hata sigara inashikwa vipi, na bibi yake aliyekuwa nyuma akaangua kicheko mpaka akashika pikipiki.

Kwa ajili ya hiyo pua Kemboi alijinyima vitu. Havuti sigara, hapaki marashi. Hata siku ya harusi alikataa kupuliziwa manukato, na Pauline akaolewa na mtu anayenukia sabuni ya kufulia.

Pauline alipokaribia kujifungua, akaenda kwao Kanduyi kukaa na mama yake. Kemboi akabaki peke yake, amepoa, hajui afanye nini na jioni zake. Ndipo binamu yake wa mjini akamletea vepu. Kitu kidogo cha rangi ya waridi, kinachajiwa kama simu, ukikivuta kinatoa wingu la harufu ya embe. Kemboi alikuja kunionyesha akiwa na uso wa mtu aliyeokoka jana. Ati anti, huu si moshi. Hakuna moto, hakuna jivu, ni mvuke tu kama wa chai.

Kwa ukuta wa chumba cha tangi la kupozea maziwa kulikuwa na kibao: "Usivute sigara hapa." Na yeye si alikuwa havuti sigara? Basi akawa anavutia humo ndani, mlango umefungwa ili baridi isitoke, na mimi nikiwa humo humo nasugua sakafu. Sasa mimi kifua changu ni cha shida tangu utotoni, hewa ikiwa mbaya kinapiga miluzi. Nikaenda kwa meneja wetu, Festus, nikamwambia huyu kijana ataniua na maembe. Festus akatembea mpaka kwa kibao, akakisoma pole pole kama mtihani, akajikuna kichwa, akasema hapa wameandika sigara peke yake. Nilikasirika nikaosha mtungi mmoja mara mbili.

Halafu mambo yakaanza kwenda upande. Siku moja Makokha alileta maziwa, Kemboi akainama, akasema rudisha. Makokha akaondoka akinung'unika. Mimi nilikuwa nimeonja tone kutoka kwa kifuniko, na yalikuwa maziwa safi, matamu, bado yana joto la ng'ombe. Nikamuuliza Kemboi yana nini. Akanijibu, "Huyo mtu hana amani."

Mtu? Na maziwa je? Nikamvuta nyuma ya tangi, nikamkazia macho, akasema yote. Pua ilikuwa imekufa. Hasikii maziwa, hasikii mafuta ya taa, hasikii soksi zake. Mwanzoni alibaki akisikia embe tu, halafu hata embe ikapotea. Kwa hivyo akawa anainama kwa mtungi kama kawaida, lakini jicho moja liko kwa mkulima, kwa sababu aligundua mwenye maziwa mabaya huangalia viatu vyake. Makokha aliangalia viatu kwa sababu alikuwa amekosana na bibi yake asubuhi. Aki nilicheka. Nilicheka nikakaa chini kwa maji, kifua kikanibana, na Kemboi akaanza kunipepea na kofia huku akinisihi nisiseme kwa mtu. Akikosa hii kazi, Pauline na mtoto watakula nini? Nikamwambia tupa hicho kitu leo. Akasema kesho.

Kesho yake akaja Mama Phelista, kiongozi wa kwaya. Huyu mama ana uso usiojua kuficha, na siku hiyo haukuwa na cha kuficha. Hakujua kwamba maziwa yake ya jioni yalilala karibu na jiko yakachacha. Alifika akicheka, akatusalimia wote kwa majina, akauliza habari ya Pauline. Kemboi akamtazama usoni, akaona jua tupu, akasema mimina. Mimi nilikuwa mbali kule kwa bomba, na harufu ikanifikia kule kwa bomba. Nilitimua mbio na gambuti zangu nikipiga kelele, lakini kufika, maziwa yalikuwa yameshaingia kwa tangi, yamechanganyika na ya wengine.

Mchana lori la maziwa likaja. Dereva akafungua tangi, akalifunga, akauliza nani amefariki humu. Na hapo ndipo sherehe ikaanza, kwa sababu maziwa yameharibika lakini nani atayamwaga? Watu walitoka na jagi, na ndoo, na karai la kufulia. Wenye nguruwe walikuja na mikokoteni. Mtaa mzima ulikula ugali kwa maziwa lala mpaka watoto wakaanza kulia wakitaka sukuma. Makokha alikuja na pipa, akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mama Phelista alibeba jagi mbili akimsikitikia huyo mkulima asiye na haya aliyewafanyia wenzake hivyo.

Kemboi hakucheka. Alimwendea Festus akaweka ile vepu juu ya meza, akasema ukweli bila kuulizwa, na hapo mimi nilimheshimu. Festus alimwambia aende atafute pua yake. Mwezi ukiisha bila pua, kazi itapata mtu mwingine. Halafu akatoka na rangi, akafuta kile kibao, akaandika kwa mkono wake: "Usivute kitu chochote hapa."

Tukaenda zahanati mimi na yeye. Daktari alisikiliza kifua changu kwanza, akasema kumbe nilikuwa nalalamika na haki yangu. Halafu akaangaza ndani ya pua ya Kemboi. Akasema huo mvuke una nikotini na madawa ya kutia ladha, si chai hata kidogo, unachoma anayeuvuta na unamfikia aliye karibu. Kemboi akauliza kama pua itarudi. Akaambiwa aache kabisa na asubiri, huenda ikarudi. Neno huenda lilimmaliza.

Juma hilo hilo Pauline akajifungua msichana. Mimi na Kemboi tukaenda Kanduyi na unga, sukari na blanketi. Nyumba ilikuwa imejaa kina mama, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja akimpokea anamnusa utosi na kufumba macho. Kemboi aliketi wima pembeni kama mkwe anavyopaswa kuketi, maana mama mkwe alikuwa tu nyuma ya pazia akipika. Zamu yake ilipofika naye akamnusa mtoto, akafumba macho. Kisha akaniinamia sikioni.

"Anti, nadanganya," akasema. "Sisikii kitu. Mtoto wangu hana harufu."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mimi nikashindwa kucheka, na mimi huwa sishindwi. Nikamshika tu mkono.

Siku zikaenda, Kemboi akabaki pale pale Kanduyi, nami nikabaki kumsaidia Pauline kufua. Basi asubuhi moja mtoto akaguna, akawa mwekundu, akajisaidia. Kina mama wakageuza nyuso. Kemboi akainua kichwa. Akasimama. Akavuta hewa mara moja, akavuta tena, akamnyakua mtoto na nepi yake yote akaifukia pua humo mbele za watu, akipiga kelele, "Nimesikia! Anti, inanuka! Inanuka vibaya sana!" Mama mkwe akachungulia nje ya pazia na mwiko mkononi, akamkuta mkwe wake katika hali hiyo, akarudi ndani upesi. Tulicheka wote tukaanguka juu ya viti.

Mtoto akaoshwa, akapakwa mafuta, akarudishiwa baba yake. Kemboi akaweka pua kwa ule utosi, akatulia hapo. Kina mama waliaga, wengine wakaja, hakumpa mtu. Simu yake ikalia mezani, ilikuwa Festus anataka kujua habari ya pua. Pauline ndiye aliyeipokea.

"Yuko kazini," akamwambia. "Atakupigia."