Msichana wa Kwenye Bango

"Sasa mkimaliza, mnampeleka wapi?"

Aliyeniuliza alikuwa mama mmoja wa Kibera, upande wa Ayany. Nilikuwa nimeinama mbele ya bango, mkutano umekwisha, viti vinakusanywa. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa maswali. Nilimaliza chuo nikiwa nimehoji kila kitu, kuanzia mahubiri ya Jumapili hadi wahadhiri wangu. Siku hiyo niliulizwa mimi.

Nilikuwa mwanagenzi katika shirika dogo la Kawangware lililofundisha wasichana ushonaji. Mkutano mkuu ulipokaribia, kila kazi isiyo na mwenyewe ilikuwa yangu: kukodi viti, kupiga simu kwa wapishi, kuhakikisha maikrofoni haitoi mluzi. Sikuwa na imani na shughuli hiyo. Tulitaka kuwaambia watu wa Kibera na Riruta kwamba wao ndio wenye shirika, halafu tukawapangia viti vya plastiki nyuma na wageni viti vya vitambaa mbele. Nilimuuliza msimamizi wangu kwa nini. Alikuwa mwanamke mwema aliyechoka.

"Wewe wa chuo," alisema, "hayo maswali weka kwa mfuko mpaka wageni waende. Saa hii nipangie viti."

Bango tulilisimamisha mlangoni mwa ukumbi wa kanisa. Lilikuwa la aina ile inayovutwa juu kutoka kwenye kisanduku chake, refu kama mtu. Msichana amesimama, futi ya fundi shingoni, anamchekea mtu asiyeonekana pichani. Chini ya viatu vyake kulikuwa na nembo za wafadhili.

Yule mama alifika kabla ya wote. Nilidhani amewahi chai. Alilikaribia bango, akaligeuzia mgongo, akajinyoosha.

"Hebu niangalilie, mrembo. Amenipita?"

"Nani, mum?"

"Huyu. Alikuwa ananiringia, ati Krismasi ikifika atakuwa ananiangalia kutoka juu."

Nilicheka. Nilipima kwa kiganja kutoka kichwani mwake hadi kwenye picha. "Amekupita kidogo."

"Na vile nilikuwa nabishana!" Alijifunga leso upya, taratibu. "Ni wangu huyu. Tulimzika mvua ikianza, huko nyumbani magharibi. Kifua tu, kikamkazia. Picha zake zilikuwa kwa simu, na simu ikaibiwa hapo hapo matangani. Jirani ndiye aliniambia ako kwa bango lenu."

Nilimkimbilia msimamizi jikoni. Alisikiliza, akakaa juu ya kreti la soda. Hakuna ofisini aliyekuwa na habari. Msichana alipokosa kuonekana darasani, tulihesabu kwamba ameacha masomo, kama wengine wengi.

"Tulitoe?" niliuliza.

"Wageni wako getini, na bango ni hilo moja." Alijifuta uso. "Nitaongea na mama baadaye. Tafadhali, usimwambie mtu leo."

Mgeni wa heshima alikuwa na sauti nzuri na hakusoma karatasi. Siwezi kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

"Mmemwona yule dada pale mlangoni?" alisema. "Mmeona kile kicheko? Yule ndiye ametuleta hapa leo. Ako ndani? Asimame tumpigie makofi!"

Watu waligeuka kumtafuta. Akina mama waliotoka Kibera, ambao walijua, walitazama chini. Msimamizi alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Nyuma kabisa, mama akasimama.

"Ni wangu."

"Ala! Mama mzazi! Na yeye ako wapi?"

"Hakuweza kukuja."

"Basi ukifika, mwambie tunajivunia yeye."

"Nitamwambia," mama akasema.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yeye naye akapiga.

Wageni walipoondoka, ndipo nikainama kulikunja bango, naye akaja akaniuliza tunampeleka wapi. Nilimwita msimamizi.

"Si mnipatie tu," mama alimwambia. "Nitamweka nyuma ya mlango. Hatasumbua mtu."

Msimamizi alimshika mikono yote miwili. "Mama, lingekuwa ni langu ungeenda nalo sasa hivi. Ni mali ya mradi, na litatumika mikutano mingine mpaka mradi uishe. Lakini nitakutolea ile picha. Ndogo, ya kuweka kwa fremu."

"Ndogo?" Mama alilitazama bango kutoka juu mpaka chini. "Haya."

Nilifungua kishikizo. Nembo zilimezwa kwanza, kisha viatu, kisha magoti, msichana akashuka huku bado anacheka.

"Pole pole," mama alisema. Aliweka kiganja juu ya bango, akamsindikiza mpaka kisanduku kikajifunga. Kisha akachukua soda yake na kuwafuata wenzake waliokuwa wanamngoja nje, wakimwita kama walivyomwita miaka yote, mama wa fulani, kwa jina la huyo huyo msichana. Mimi niliingia gari la ofisi na kisanduku nimekilaza mapajani. Hakikuwa kizito.

Mwaka haukuisha kabla sijaondoka pale. Ile picha ndogo sikusikia habari zake tena.

Miaka ilipita. Siku moja nilikutana na msimamizi wangu wa zamani dukani, huko mtaa wa Satellite. Naye alikuwa ameshaacha kazi. Ni yeye aliyenisimulia kwamba baada ya siku ile mama hakukosa mkutano hata mmoja, Kawangware, Riruta, Ayany, mvua inyeshe isinyeshe, na kila mara alichagua kiti cha karibu na mlango. Shirika lilimpa cheti cha mshiriki mwenye bidii na kumtaja kwa wafadhili kama mfano wa jamii iliyoamka. Kisha ukaja mradi mpya na bango jipya, lenye msichana mwingine. Mama alifika mlangoni, akalitazama, akauliza kama hakuna lingine, akarudi Kibera, na hakuhudhuria mkutano tena.