Tarumbeta Ng'ambo ya Korongo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto hadi leo. Nakusimulia kwa sababu Jumapili ulipopanda kutoka Moshi kuja kumwona mkeo, ambaye mama yako anamtunza hapa kwa uzazi, uliaga mara mbili kwamba unakwenda kununua nepi. Ukarudi na baiskeli imejaa matope hadi kwenye mnyororo, na nepi huna. Mkeo alikutazama, akanyamaza. Nikasema moyoni, huyu kweli ni wangu.

Dada yako Aika alipozaliwa nilikuwa kijana, napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wetu wa Machame. Nilipenda lile tarumbeta kupita kiasi, siwezi kukuficha. Mama yako aliwekwa ndani kama wazazi wote wa huku: miezi mitatu ya kula mtori wa ndizi na nyama, kunywa maziwa na kunyonyesha, haruhusiwi kushika hata ufagio. Bibi yako alihamia kwetu kumhudumia. Mimi nikapewa kazi ya kukata majani ya ng'ombe kule tambarare na kuyapandisha kwa kichwa. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, na maziwa yake yalikuwa ya mzazi.

Wiki ya kwanza nilijitahidi. Ya pili nikaanza kuhangaika. Moshi wa jikoni, kanga zimeanikwa kila kona, mtoto analia, wanawake wanaingia na kutoka wakinipita kama nguzo. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, sijui niende wapi. Basi nikawa naaga, "Naenda majani," mundu na kamba mkononi, halafu navuka korongo hadi kanisani, ambako nilikuwa nimelificha tarumbeta. Napiga mpaka midomo inavimba. Nikirudi nakata mgomba nyuma ya nyumba, naukatakata, namtupia ng'ombe. Mgomba unajaza tumbo, mwanangu, lakini ni maji matupu. Ng'ombe anayekula huo peke yake hatoi maziwa ya maana. Nilijua hilo. Kila siku nilijiambia kesho nitashuka tambarare.

Siku hiyo ninayokuambia, bibi yako aliniita zizini, akanipa kibuyu cha maziwa.

"Tikisa."

Nikatikisa. Kilikuwa chepesi.

"Hayo ni ya tangu asubuhi," akasema. "Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Mimi sikuulizi ulikuwa wapi. Nenda kamwambie mkeo."

Nikaingia chumbani na uongo wangu tayari, kwamba kiangazi kimekausha majani. Mama yako alikuwa kitandani na Aika kifuani, mashavu yamemwisha. Hakuningoja nimalize.

"Baba Aika, ule wimbo wa mavuno, unapopanda juu mara ya tatu, unakosea. Kila siku unakosea palepale."

Korongo lile mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Nilificha tarumbeta, sikukumbuka kwamba lina sauti.

"Kumbe unanisikia?"

"Siku zote. Ukianza tu, najua leo ng'ombe hali majani." Hapo akaanza kulia. "Unadhani mimi sitamani kutoka? Nilikuwa naimba sauti ya pili kwaya, sasa nahesabu mbao za dari. Ungeniambia unakwenda kupiga, ningesema nenda. Ungeleta majani kwanza."

Niliona aibu sana. Wiki zote zile nilijiona mimi peke yangu ndiye niliyebanwa katika nyumba ile, naye amelala ananisikiliza nikijifurahisha huku maziwa yakimkauka kifuani.

Nikatoka hadi mpakani mwa shamba, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo. Unajua kwetu jani lile hupelekewa mtu uliyemkosea vibaya, kumwomba msamaha, na wenzangu wangenicheka kumpelekea mke kitandani. Nikampa mbele ya mama yangu. Mama yako akalipokea. Kisha akaliweka chini ya mto wa mtoto.

"Majani kwanza," akasema.

Nilishuka tambarare siku hiyohiyo, na kila siku baada ya hapo. Maziwa yakarudi polepole. Nikishamlisha ng'ombe nilipiga tarumbeta barazani, mlango wazi, na mama yako akaimba sauti ya pili kutoka ndani. Aika alilia vilevile, usidhani muziki ulimtuliza.

Kwa hiyo nakusihi, baiskeli usiiache. Mtu aliyefungiwa ndani kwa nguvu huwa na kisirani, na mtoto hahitaji baba wa hivyo. Ila mwambie mkeo kweli unakokwenda na saa utakayorudi. Maliza kwanza anachokihitaji mtoto. Halafu muulize na yeye anatamani nini, ubaki na mtoto hata saa moja apumue. Mama yako nimeshamwambia asimkatalie kutoka. Na mkeo akinyamaza usifurahi. Matope aliyaona.

Mungu akujalie moyo wa kutamani kurudi nyumbani, ampe mkeo nguvu, na mjukuu wangu ashibe. Isale bado limestawi kule mpakani. Ukija Jumapili, pitia hapo kabla hujaingia kwa mkeo. Na nepi usisahau.